Mkebe wa Baharia na Sarafu za Warumi

Alasiri moja ya mwezi uliopita, nimetoka msikitini na bado sijavua kofia, nilipigiwa hodi na bibi mmoja wa mtaani petu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Alifuatana na mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini na miwili hivi, na mkononi ameshika mkebe wa biskuti ulioliwa na kutu pembeni. Marehemu mumewe alikuwa baharia wa meli za ng'ambo, na mkebe ule ndio uliobaki katika sanduku lake baada ya nguo kugawanywa.

"Mwanangu," akaniambia alipokwisha kuketi, "huyu mjukuu wangu asema humu mna nyumba ya ghorofa. Mimi nasema mna vyuma vya marehemu. Wewe ndiwe mwenye wazimu wa pesa kongwe, tukatie shauri."

Nilicheka, lakini kijana hakucheka. Akafungua mkebe, akatoa sarafu moja ya shaba iliyofungwa kwa pamba, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kisha akatoa simu na kunionyesha ukurasa wa kitabu alioupiga picha. "Ami, angalia hapa. Kitabu chenyewe kimeandika r5. Maana yake dunia nzima iko moja tu."

Kumbe jambo lilikuwa limeshafika mbali. Kulikuwa na mtu aliyekubali kumkopesha kijana fedha za tikiti na za wakala wa kazi za Ghuba, na sarafu ile iwekwe rehani. Mkataba ungetiwa sahihi Alhamisi, na siku ile ilikuwa Jumatatu. Tena rehani haikuwa sarafu peke yake. Kwa maandishi niliyosomewa, sarafu ikionekana haina thamani, kitakachofuata ni hisa ya bibi katika nyumba anayolala.

Ndugu msomaji, mimi si mtaalamu wa chuo kikuu. Nimekuwa nikikusanya sarafu za Warumi tangu 1996, na ninazo arubaini na tatu, nyingi bei yake haizidi kilo chache za nyama. Kilichonivuta ni neno. Tulipokuwa chuoni tukisoma Aal Imran tulilikuta neno dinari, na katika sura ya Yusuf tukazikuta dirhamu chache za kuhesabika. Maalim wetu alituambia ni majina ya pesa, basi, tukaendelea. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba dinari asili yake ni denarius, sarafu ya fedha ya Warumi, na dirhamu asili yake ni drakma ya Wayunani. Hata dinari za mwanzo za Kiislamu ziliiga dhahabu ya Warumi wa mashariki, mpaka Khalifa Abdul Malik bin Marwan alipoziondoa sanamu na kuweka maandishi matupu katika mwaka wa 77 wa Hijra. Kwa hiyo nilipoipata denarius ya kwanza mkononi, niliona kama nimeshika neno lenyewe kabla halijafika midomoni petu.

Turudi kwa kijana. Ile sarafu niliitambua hata kabla ya kuvaa miwani. Upande mmoja kuna kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya vita, naye ni mfano wa mji wa Roma, na maandishi VRBS ROMA. Upande wa pili kuna mbwa mwitu jike ananyonyesha watoto wawili, na juu yake nyota mbili. Ni kisa cha Romulus na Remus, ambao Warumi husema ndio walioanzisha mji wao. Sarafu hizi zilianza kupigwa wakati wa Constantine, mwaka 330, alipouzindua mji wake mpya wa Kostantiniya. Alitaka watu wauone mji mpya bila kuusahau wa kale, basi akaamuru zipigwe za huu na za ule. Zilipigwa katika miji mingi ya dola, kutoka Gaul hadi Iskandaria, kwa idadi kubwa mno. Leo ni katika sarafu rahisi kabisa kupatikana kwa mtu anayeanza kukusanya.

"Basi kitabu kimesema uongo?" akauliza kijana.

Hakikusema uongo. Na hapa ndipo penye mtego unaowanasa wengi, hata wenye mvi.

Kitabu kikuu cha fani hii ni The Roman Imperial Coinage, chenye juzuu kumi. Kilianza kutoka London mwaka 1923 kwa kazi ya Harold Mattingly na Edward Sydenham, na juzuu ya kumi ikatoka 1994. Ile ya saba, inayohusu zama za Constantine, iliandikwa na Patrick Bruun wa Ufini ikatoka 1966. Bruun alifanya kazi ya subira isiyo na mfano. Chini ya picha ya kila sarafu ya zama zile mna herufi za mji ilikopigwa, na pamoja nazo herufi ya karakana iliyoipiga, maana mji mmoja ulikuwa na karakana kadhaa. Yeye aliziorodhesha zote, picha kwa picha, mji kwa mji, karakana kwa karakana, na pembeni akaweka alama ya uadimu. Alama ya r5 maana yake katika hifadhi alizozipitia aliiona moja tu.

Nakuomba uyapime maneno hayo. Hakusema iko moja duniani. Alisema ameiona moja katika makabati ya majumba makubwa ya makumbusho ya wakati wake. Tena makumbusho hazikuwa na haja ya kukusanya mbwa mwitu wa shaba wa kila karakana. Zilitaka dhahabu, nyuso za wafalme, na vitu vizuri vya kuonyesha wageni. Sarafu duni iliyo tele mashambani yaweza kukosekana kabatini, na mwenye kuhesabu makabati akaiandika adimu.

Na tangu 1966 ardhi imefunguka. Kuanzia miaka ya sabini watu wa Ulaya wamekuwa wakizunguka mashambani na mashine za kutambua madini ardhini, na wamefukua sarafu kwa maelfu. Katika Uingereza na Wales uko mpango ulioanza 1997 wa kuandika vitu wanavyookota raia, na umekwisha kuandika zaidi ya milioni moja, sehemu kubwa ikiwa ni sarafu za Kirumi. Alama nyingi za r5 zimevunjwa na majembe.

Hebu nikutolee mfano wa dafina moja. Mwaka 2010, karibu na mji wa Frome, kusini magharibi mwa Uingereza, mtu mmoja alisikia mashine yake ikilia. Chini kulikuwa na chungu kimoja, na ndani ya chungu sarafu 52,503. Zaidi ya 700 kati yake zilikuwa za Carausius, yule jemadari aliyeiasi Roma akajitawalia Uingereza kuanzia 286 hadi 293. Siku moja tu, na hesabu za waliokuwa wakipima uadimu wa Carausius zilibidi kupigwa upya. Sisi wenyewe tuna mfano wetu ulio jirani. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, iliibuka dafina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za watawala wa pwani hii, pamoja na dinari chache za dhahabu, na mlango mzima wa historia yetu ukaandikwa upya.

Ndiyo maana mkusanyaji mwenye akili huangalia dafina kabla hajaangalia bei. Ile ya Reka Devnia, Bulgaria, iliyopatikana 1929, ilikuwa na denarii karibu 81,000 zilizoorodheshwa moja moja. Wengi wetu huitumia kama mizani: ukitaka kujua picha fulani ya Septimius Severus ni ya kawaida au la, uliza mle zilikuwamo ngapi. Si mizani kamili, kwa kuwa dafina ni mfuko wa mtu au wa jeshi la mahali fulani, na mfuko wa Bulgaria si mfuko wa Uhispania. Lakini angalau aliyezika hakuchagua kwa ajili ya kabati la vioo.

Kuna adimu za kweli, sikatai. Mwaka 1900 katika Ufaransa ilipatikana sarafu yenye jina la kaisari Domitianus, mtu ambaye hakuna aliyekuwa na sarafu yake nyingine, aliyejitangaza kiasi cha mwaka 271 na kutoweka mara. Kwa miaka mia wataalamu wengi walisema imeghushiwa. Kisha 2003, huko Chalgrove karibu na Oxford, kikapatikana chungu cha sarafu karibu 5,000 zilizogandamana kwa kutu. Zilipobanduliwa kwa uangalifu katika British Museum, moja ikatokea na uso uleule na jina lilelile, imepigwa kwa mihuri ileile ya ile ya Ufaransa. Chungu kilikuwa kimezikwa karne kumi na saba, hakuna mghushi aliyeweza kukifikia. Basi kaisari akafufuka. Sarafu mbili tu duniani, na zote zinaeleza habari ya mtu mzima aliyesahauliwa. Uadimu wa namna hii ndio wenye uzito.

Ama huu wa kijana ulikuwa uadimu wa herufi. Picha ni ya kawaida, kaisari ni wa kawaida, mji ni wa kawaida, ila herufi moja ya karakana chini ya miguu ya mbwa mwitu ndiyo isiyoonekana sana. (Herufi zenyewe sizitaji, mwenye mali hakunipa ruhusa.) Nilimwambia: "Mwanangu, wanaotafuta uso wa kaisari ni maelfu. Wanaotafuta herufi hiyo wanaweza kukaa katika baraza hii wakabakiza nafasi ya mkeka."

Akaona namfanyia dhihaka. Nikamwambia haya ninayokwambia na wewe. Mimi ni mtunzi wa mashairi. Katika kasha langu zimo tungo ambazo nakala yake ni moja tu ulimwengu mzima, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Zote ni r5. Hajatokea bado mtu wa kunipa shilingi.

Kinyume chake pia ni kweli. Mwaka 42 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, alipiga sarafu yenye majambia mawili na kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na chini yake tarehe ya mauaji, EID MAR. Za fedha zinazojulikana ni karibu mia moja. Mia moja ni nyingi! Mbwa mwitu wa kijana, kwa hesabu ya Bruun, ni adimu zaidi mara mia. Lakini kila mkusanyaji wa Roma anaiota ile ya Brutus, na wenye mali hushindana mnadani bila huruma. Ya dhahabu, ambayo zinajulikana chache za kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja, iliuzwa London Oktoba 2020 kwa zaidi ya dola milioni 4.

Na kisa chake hakikuishia hapo. Ilibainika kwamba hati za kueleza ilikotoka zilikuwa za uongo, na Machi 2023 wakuu wa sheria wa New York wakairudisha kwa serikali ya Ugiriki. Aliyelipa mamilioni akabaki mikono mitupu.

Nami nimewahi kuumwa, japo si kwa mamilioni. Otho alitawala miezi mitatu tu, Januari hadi Aprili mwaka 69, akajiua. Denarii zake hazikosekani kabisa, lakini wako watu chungu nzima wanaotaka kukamilisha wale Makaisari Kumi na Wawili, na bila Otho hesabu haitimii. Kwa hiyo bei yake huwa juu kuliko uadimu wake. Mwaka 2009 muuzaji mmoja wa ng'ambo aliniandikia kwamba anayo ya bei nafuu, kwa kuwa ameniona mpenzi wa elimu. Nikaona fahari. Nikatuma fedha nilizokuwa nimeweka za kutengeneza meno.

Ilipofika niliipeleka kwa sonara jirani yangu kuipima. Denarius ya wakati ule yapasa kuwa na gramu tatu na kitu. Yangu ilikuwa na 2.7. Sonara akaigeuza ubavu, akaniitia kioo chake cha kukuzia, akanionyesha mstari mwembamba unaozunguka ukingo wote. "Hii haikupigwa," akasema. "Hii imesubiwa. Kalibu ilikuwa vipande viwili, na hapa ndipo vilipokutana." Kwenye uso palikuwa na vitundu vidogo vidogo vya hewa, kama kaimati. Miezi michache baadaye nikaona Otho mwingine akiuzwa na mtu mwingine, ana mkwaruzo uleule shavuni na amekaa upande uleule. Sarafu mbili za muhuri mmoja zaweza kufanana picha, lakini kila moja ilipigwa kwa nyundo kivyake, haziwezi kuchunika mahali pamoja. Zikichunika pamoja ujue mama yao ni kalibu. Huyo Otho ninaye hadi leo, nimemweka juu ya meza ninapoandika.

Mbwa mwitu wa bibi nilimpima kwa namna hiyohiyo. Ukingo hauna mstari, kutu yake ni ya kijani tulivu isiyotoka kwa ukucha, na chapa imesogea kidogo upande mmoja kama zifanyavyo za kweli. Ni halali ya wakati wake, ina miaka karibu elfu na mia saba. Siku ya pili nikapekua rekodi za minada na za hifadhi, zile za London na za American Numismatic Society ya New York ambazo siku hizi mtu aweza kuzitazama akiwa nyumbani. Sarafu yenye herufi zilezile niliikuta mara tisa. Nne katika hizo zimewahi kuuzwa, na iliyopata bei kubwa haikufika dola hamsini.

Jumatano nikaenda kwao. Nikaeleza yote, polepole, nikataja bei kwa shilingi: elfu tano, labda sita ukimpata mwenye kuitaka. Kijana alinyamaza, kisha akaniuliza kama haiwezekani kwamba baba wa baba zetu walifanya biashara na Warumi na kwamba sarafu imetoka hapa pwani, kwani aliambiwa za pwani zina bei. Nikamwambia kweli biashara ilikuwapo. Kipo kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza kinachoitaja pwani hii na mji wa Rhapta. Lakini kwa maelezo yake walileta mikuki, mashoka na vioo, wakabadilishana kwa pembe na magamba ya kobe. Pesa zao walizimwaga Bara Hindi, ambako hadi leo hufukuliwa za dhahabu na fedha. Mtu akikuletea ya Kirumi akasema ameiokota ufukweni Malindi, muulize mara saba.

"Na hii ilitoka wapi?" akasema.

Ndipo bibi akautia mkono chini ya pamba iliyokuwa mkebeni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa haraka wa mtu wa chuoni. Kijana alikuwa ameiona, lakini hakuweza kuisoma, akadhani ni dua. Nikaisoma kwa sauti: zilinunuliwa Iskandaria, Rajabu 1396, dukani kwa mzee wa Kigiriki, kumi na saba kwa bei moja. Rajabu ile iliangukia kati ya Juni na Julai 1976, mwaka mmoja baada ya mfereji wa Suez kufunguliwa tena, na miaka saba kabla ya Misri kupiga marufuku biashara ya vitu vya kale. Hata wakati ule kuvitoa nchini kulitaka ruhusa, na ruhusa mkebeni haikuwamo. Hata hivyo nikamwambia kijana kwamba katika mkebe mzima karatasi hii ndiyo isiyo na ya pili, na baada ya kisa cha Brutus wa dhahabu kila mnunuzi mwaminifu ataulizia karatasi kabla ya sarafu.

Mstari wa mwisho ulisema kwamba ile yenye mbwa anyonyeshaye ni ya kumchezea binti yake. Binti huyo ndiye mama wa kijana, wakati ule ana miaka minne.

Bibi akaniambia, "Isome tena hapo." Nikaisoma tena. Akaikunja karatasi, akaifunga katika pindo la kanga yake, na mkebe akamsukumia mjukuu.

Alhamisi ilipita. Jioni nilimwona kijana penye kahawa, amekaa na wenzake. Habari ya mkopo hakuitaja wala sikumwuliza. Alinisalimu kwa mbali, akainua kikombe.